Namna ya kutumia neno "bado" bila kukosea

Anayeanza Kiswahili akishajua kusalimia, kutaja jina lake na kuuliza bei, kitu cha kwanza kumkabili kila siku ni maswali yenye -me- ndani yake. Umekula? Umefika? Umemaliza? Umeoa? Nguo zimekauka? Fundi amekuja? Maswali haya hayakusubiri umalize kitabu cha sarufi. Yanakukuta mlangoni, kwenye simu, dukani, ofisini, na nusu ya majibu yake ni neno moja: bado. Kwa maoni yangu neno hili lilistahili kufundishwa wiki ya kwanza, mbele ya rangi na majina ya wanyama, kwa sababu mtu anaweza kukaa siku nzima bila kumtaja twiga, lakini hawezi kufika jioni bila kuulizwa kama ameshakula.

Habari njema ni kwamba bado haibadiliki. Haichukui kiambishi, haijali ngeli, haina umoja wala wingi. Iko vile vile kwa mtu, kwa basi, kwa maji na kwa mitihani. Kinachobadilika ni maneno yanayoizunguka, na makosa mengi ya wanaoanza yanatoka huko.

Ukitaka kuielewa, shika jambo moja tu: bado inasema hali iliyokuwapo haijabadilika mpaka sasa. Basi. Kama kitu kilikuwa hakijatokea, bado hakijatokea. Kama kilikuwa kinaendelea, bado kinaendelea. Wanaojifunza kupitia Kiingereza hupata shida hapa, kwani Kiingereza kina neno moja kwa jambo ambalo halijatokea na jingine kwa jambo linaloendelea, kwa hiyo mwanafunzi anauliza, "Hii ni bado ipi?" Ni ile ile. Tazama mgonjwa mmoja anavyoulizwa na watu wawili:

"Umepona?"
"Bado."

"Bado unaumwa?"
"Bado."

Mtu wa kwanza amejibiwa kwamba hajapona. Wa pili amejibiwa kwamba naam, anaumwa. Ukiangalia majibu hayo juu juu utadhani yanapingana, moja linakataa na jingine linakubali. Lakini mgonjwa ni yule yule na hali yake ni ile ile. Alikuwa anaumwa, na hilo halijabadilika. Ukiliona hili vizuri umemaliza sehemu ngumu, yanayobaki ni mazoezi.

Kama lugha yako ya nyumbani ni mojawapo ya lugha za Kibantu, una mtaji ambao pengine hukuuhesabu. Mnyarwanda anayesema *sindarya* ameshasema "sijala" kwa umbo maalumu la jambo linalosubiriwa, na *ntaraza* yake ndiyo "hajaja" yetu. Mrundi naye vivyo hivyo. Mganda ana *sinnalya* na *tannajja*, na kwa jambo linaloendelea ana *akyakola*, yaani bado anafanya kazi. Kwa hiyo wewe wa Kigali, Bujumbura au Kampala, usipitie Kiingereza wala Kifaransa ili ufike kwenye bado. Toka nyumbani kwako moja kwa moja, njia ni fupi.

Bado siyo hapana

Kosa la kwanza, na ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote, ni kujibu "hapana" pale panapotakiwa "bado". Kisarufi hakuna atakayekukamata. "Umekula?" "Hapana." Sentensi imesimama. Lakini masikioni mwa aliyekuuliza inasikika kavu, kama mlango uliofungwa. "Bado" inamwambia kwamba utakula, muda tu haujafika. Kwa jambo lolote ambalo kwa kawaida linatarajiwa kutokea, kama kula, kufika, kupona, kumaliza, kulipa au kuanza, jibu la kukanusha ni "bado".

Kumbuka tu kwamba jibu hilo lina matokeo. Ukiwa umefika nyumbani kwa watu saa saba mchana, mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Umekula?"
"Bado, mama."
"Haya, kaa hapo. Neema! Mletee mgeni maji anawe."

Hukuomba chakula, lakini kwa kusema "bado" umeshakaribishwa mezani, na kukataa sasa itakuwa kazi. Kama huna nafasi ya kukaa, jibu linalofaa ni "Nimeshakula, mama, asante", au kwa mkato wa mitaani, "Nishakula". Huyo -sha- ndiye mwenzake bado. Wawili hawa wanajibizana siku nzima: umeshamaliza, bado, bado, nimeshamaliza. Neno "tayari" nalo liko upande wa -sha-. Ukimuuliza fundi cherehani "Suruali yangu tayari?", ama atakuambia "Tayari", ama atakuambia "Bado, njoo Alhamisi".

Swali la ndoa na watoto linahitaji uangalifu zaidi. Watu wengi wa Afrika Mashariki wakikuuliza "Umeoa?", "Umeolewa?" au "Una watoto?", wanatarajia ama "ndiyo" ama "bado". "Hapana" tupu inawaacha na wasiwasi: kuna tatizo gani? Kijana wa kawaida hujibu "Bado", au akitaka kulilainisha husema "Bado nipo nipo", kauli ambayo mwanamuziki Mwana FA aliifanya jina la wimbo. Lakini bado ni ahadi, na usiahidi usichokusudia. Padri wa Kanisa Katoliki akiulizwa kama ameoa hawezi kujibu "bado", maana atakuwa ametangaza kwamba ataoa. Atasema, "Sisi hatuoi." Na mtu ambaye suala la watoto lina uchungu kwake si lazima ajifiche nyuma ya bado. "Mungu hajajalia" inatosha, na mwenye adabu hataendelea kuuliza.

Kwa mantiki hiyo hiyo, usijibu "bado" kwa swali la tabia. "Unavuta sigara?" "Bado" maana yake ni kwamba uko mbioni kuanza. "Unakula nyama?" ukijibu "bado" watu watangoja siku utakapoila. Hapo sema "Hapana, sivuti", "Hapana, sili". Njia rahisi ya kujichunguza ni kutazama kitenzi cha swali. Kikiwa na -me-, bado huwa inakaa vizuri kwenye jibu. Kikiwa na -na- au hu- ya mazoea, fikiri kwanza.

Rafiki yake ni -ja-

Ukitoka kwenye jibu la neno moja ukaingia kwenye sentensi kamili, bado ya jambo lisilotokea inatembea na kiambishi -ja-. Hiki ndicho kiambishi cha kuzoeza ulimi mpaka ulale nacho: sijala, hujala, hajala, hatujala, hamjala, hawajala. Ongeza bado mbele au nyuma: *bado sijala, sijala bado*. Zote mbili ni sahihi. Kwa sikio langu, kuitanguliza bado kunalikazia lile suala la kuchelewa. "Bado hujalala?" anasema mzazi anayeona saa sita za usiku. "Hujalala bado?" ni swali la kawaida, laini zaidi.

Vitenzi vifupi kama kula, kuja, kunywa na kufa vina jambo lake. Kwenye -me- vinabeba ku-: nimekula, amekuja. Kwenye -ja- vitabu vingi huiacha: sijala, hajaja, hatujanywa. Utasikia pia "sijakula" na "hajakuja" kila mahali, Nairobi hasa, na hakuna atakayekukatiza. Kwenye mtihani, ningekushauri uandike "sijala".

Ngeli nazo zinaingia hapa, na jikoni ndipo pazuri pa kuzizoea. Simama karibu na mtu anayepika usikilize. *Maji hayajachemka. Maharage hayajaiva, bado magumu. Viazi havijaiva. Ugali haujaiva, bado mbichi. Nyama haijaiva. Chumvi haijakolea.* Mpishi wa wali ameshafunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko, mtoto anauliza kwa mara ya tatu, "Mama, wali umeiva?" Mama anafunua, anachota punje chache kwa ncha ya kijiko, anazibonyeza kwa vidole. "Bado. Katikati bado mgumu." Sikiliza jibu hilo: bado mara mbili. Ya kwanza ni ya jambo ambalo halijatokea, kuiva. Ya pili ni ya hali inayoendelea, ugumu. Na ya pili haina kitenzi chochote, kwa sababu bado inaweza kushikana na sifa moja kwa moja. *Nguo bado mbichi*, yaani hazijakauka. *Chai bado ya moto. Mtoto bado mdogo. Embe bado changa.* Nje ya jikoni endelea mwenyewe: basi halijafika, mkutano haujaanza, mshahara haujaingia, barua haijajibiwa, umeme haujarudi.

Sasa, adui wa bado ni -ku- ya kukanusha. *Sikula* na *sijala* si kitu kimoja, ingawa zote zinasema tumbo halikupata kitu. "Sikula" inalifunga jambo: muda wake ulipita, halikutokea, basi. "Sijala" inaliacha wazi. Kwa hiyo "jana sikula chakula cha usiku" ni sahihi kabisa, kwani jana imekwisha. "Jana sijala" imekosewa, maana huwezi tena kula chakula cha jana usiku. Na "bado sikula" inagonganisha vitu viwili, neno la kusubiri na kitenzi cha kufunga hesabu. Ukisikia ulimi unataka kwenda huko, rudisha -ja-: bado sijala.

Vile vile bado haipendi wakati ujao wa kukanusha. Mwanafunzi anataka kusema hayuko tayari kusafiri, anasema "Bado sitasafiri." Msikilizaji hajui kama anakataa au anasubiri. Chagua moja: "Bado sijasafiri" kama safari ipo, "Sitasafiri" kama umeghairi.

Kuna jirani mwingine wa kuchunga, "sijawahi". Mtu akikuuliza, "Umewahi kupanda Mlima Kilimanjaro?", una majibu mawili yenye tofauti. "Sijawahi" inataja tu historia yako: katika maisha yako hukupata kufanya hivyo, na pengine hutafanya. "Bado" au "bado sijapanda" inasema nia ipo, mlima huo wa mita 5,895 unakusubiri. Wa Nairobi utawasikia wakisema "sijai", ambayo ni hiyo hiyo "sijawahi" iliyokatwa mtaani. Ielewe, lakini usiiandike kwenye barua ya kuomba kazi.

Na "kabla" je? Hii inawachanganya hata waliokwisha kupiga hatua, maana kabla nayo inapenda -ja- bila kuhitaji bado. *Kabla hujaondoka, niage. Kabla mvua haijanyesha, anua nguo.* Hapo -ja- imeshatosha. Ukisema "kabla bado hujaondoka" umelundika. Ukiona umbo hilo ni gumu, tumia "kabla ya kuondoka" uendelee na safari yako.

Jambo linaloendelea

Upande wa pili wa bado ni mwepesi kusema, ila una mtego mmoja. Wepesi wake ni huu: weka bado mbele ya sentensi yoyote ya hali ya sasa, itakaa. *Bado naishi Tabata. Bado anasoma. Bado yuko hospitali. Bado ninayo ile simu. Bado kuna nafasi. Bado ni mwanafunzi. Bado mapema.* Kwenye taarifa ya habari utasikia "uchunguzi bado unaendelea" karibu kila jioni. Ukikutana na maandishi ya zamani kidogo, au na mzee wa pwani mwenye Kiswahili chake, utaona pia "angali": *angali mgonjwa, wangali wanasoma*. Maana yake ni bado tu. Itambue unapoiona. Kuitumia si lazima.

Mtego uko kwenye -me-. Umeambiwa kwamba swali la -me- hujibiwa "bado", na kwamba sentensi ya bado hugeuka kuwa -ja-. Halafu unamsikia mtu akisema "Bado amelala", unashangaa. Mbona hakusema hajalala? Kwa sababu amesema kinyume chake. "Bado amelala" ni kwamba usingizi unaendelea, usimwamshe. "Bado hajalala" ni kwamba macho yako wazi, unaweza kumpigia. Ukizichanganya mbili hizi kwenye simu ya saa nne usiku utamkosesha mtu usingizi.

Siri ni kwamba baadhi ya vitenzi vikivaa -me- vinaeleza hali unayoiona sasa hivi. Vingine vinaeleza tendo lililokwisha. Aliyelala unamuona amelala. Aliyekaa unamuona amekaa. Hivyo *bado amekaa, bado amesimama, bado amevaa sare, bado amekasirika, bado amechoka, mlango bado umefungwa* zote ni sahihi. Lakini kufika, kula, kununua na kumaliza vikivaa -me- ni matendo yaliyokwisha, huwezi kuyakuta yakiendelea. "Bado amefika" haipo. "Bado amemaliza" haipo. Ukitilia shaka kitenzi, jiulize: nikiingia chumbani sasa hivi, nitamkuta katika hali hiyo? Jibu likiwa ndiyo, weka bado na -me-. Likiwa siyo, geuza iwe -ja-.

Yote haya yanaweza kupelekwa wakati uliopita kwa kuongeza "-likuwa", na hapo ndipo simulizi zinapopata uhai. *Nilipofika stendi, basi lilikuwa bado halijaondoka. Nilipompigia, alikuwa bado anaoga. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda na Kenya zilikuwa bado zinatawaliwa na Waingereza.* Unaweza pia kuisema sentensi hiyo ya mwisho kwa upande wa pili: *zilikuwa bado hazijapata uhuru*, maana Uganda ilingoja hadi Oktoba 1962 na Kenya hadi Desemba 1963. Angalia, mgonjwa wetu wa mwanzo amerudi katika sura ya nchi: kutawaliwa kunaendelea, uhuru haujafika, hali ni moja. Wakati ujao nao haukatai bado ikiwa sentensi ni ya kukubali: *kesho saa hizi nitakuwa bado niko njiani*.

Bado ya kuhesabu

Panda daladala Dar es Salaam wakati gari linajaza, na kondakta atakufundisha matumizi ambayo vitabu vingi vya wanaoanza huyapita. "Bado mmoja! Bado mmoja, twende!" Hakusema "bado hajaja mmoja". Bado imesimama mbele ya idadi, na maana yake ni "kimebaki". Ni matumizi rahisi na ya kila saa. *Bado siku tatu Idi. Bado wiki mbili mitihani. Bado vituo viwili. Bado dakika kumi kufika saa mbili.* Ukiwa safarini kutoka Dar kwenda Morogoro unaweza kumuuliza jirani yako, "Bado kilomita ngapi kufika Chalinze?" na utakuwa umesema Kiswahili cha mtu aliyezaliwa njiani hapo.

Idadi hufuata ngeli ya kinachohesabiwa hata kama hukitaji: bado mmoja kwa abiria, bado kimoja kwa kiti, bado viwili kwa vituo, bado mbili kwa siku. Kondakta anaposema "bado mmoja" unajua anataka mtu. Kuwa na sikio hilo, kwa sababu jina lenyewe mara nyingi halitajwi.

"Bado kidogo" inatoka humo humo. Mpishi anayesema bado kidogo anakuomba subira ya dakika chache. Fundi anayesema bado kidogo pengine ana maana tofauti, na njia ya kujua ni kuuliza swali ambalo ningependa kila anayeanza alibebe mfukoni: "Bado nini?" Ofisini ukiambiwa "faili lako bado", usiondoke na neno hilo tupu. Uliza kwa upole, "Samahani, bado nini?" Utaambiwa, "Bado saini ya mkuu", au "Bado picha mbili", na hapo utajua kama unasubiri mtu mwingine au ni wewe unayesubiriwa. Kisha malizia, "Basi nije lini?" Maswali mawili hayo mafupi yataokoa nauli yako.

Bado kidogo ina kazi nyingine, ya kueleza jambo lililokaribia kutokea. Kitenzi kinachofuata huishia na -e pale inapowezekana: *bado kidogo nigongwe na bodaboda, bado kidogo sufuria liungue, bado kidogo tufike*. Mbili za kwanza zina nguvu ya "nusura", balaa limepita karibu. Ya tatu ni ya kumtia moyo aliyechoka. Sauti ya msemaji ndiyo itakayokuambia ni ipi.

Halafu kuna "na bado", maneno mawili ambayo hayatafsiriki kwa kuyajumlisha. Kwenye mechi ya Simba na Yanga timu ikifunga la kwanza, mashabiki wake huwageukia wenzao: "Na bado!" Wana maana kwamba mengine yanakuja. Mama anayemkanya mtoto aliyekwishaadhibiwa naye anaweza kusema "Na bado!" akimaanisha kwamba akirudia atakiona. Ni kauli yenye makali. Itumie kwa mpinzani wako wa mpira, au kwa rafiki mnayetaniana naye. Usimwambie mtu aliyepatwa na msiba au anayekueleza shida zake, hata kama ulikusudia kusema kwamba unajua mambo hayajamwishia. Kwake sema, "Pole sana."

Yule anayekupa habari za mgonjwa naye ana namna yake ya kutumia bado, na inafaa uijue kuipokea. "Mzee anaendeleaje?" "Bado, ila leo amekunywa uji." Hapo bado haikukusudiwa kukata tamaa wala kutoa matumaini makubwa. Inasema ugonjwa uko pale pale, na ile "ila" inafungua dirisha. Pokea kwa "Haya, Mungu atasaidia, mpe pole" na usihoji zaidi kama hukuambiwa.

Siku chache za mwanzo nakushauri usitafute sentensi ndefu. Kila ukiulizwa swali la -me-, jibu kwa neno la bado au kwa -sha-, kisha ongeza sentensi moja tu yenye sababu. "Umelipa umeme?" "Bado, mshahara haujaingia." "Mmeshaanza?" "Bado, mwalimu hajafika." "Umemuona daktari?" "Bado, bado watu watatu mbele yangu." Sentensi hiyo ya mwisho ina bado mbili zenye kazi tofauti, na ukiweza kuitamka bila kusita utakuwa umevuka.

Ukitaka kujipima, sahihisha hizi kabla ya kusoma majibu yake: *Jana bado sijalala vizuri. Mgeni bado amefika. Bado sikumaliza kazi, nitamaliza kesho. Unakunywa pombe? Bado, dini yangu hairuhusu.*

Ya kwanza, usiku wa jana umekwisha: *jana sikulala vizuri*. Ya pili, kufika si hali ya kumkuta mtu nayo: *mgeni bado hajafika*. Ya tatu, kazi bado ipo mkononi, kwa hiyo *bado sijamaliza kazi, nitamaliza kesho*. Na ya nne ni *hapana, sinywi*, kwa sababu kama dini hairuhusu hakuna kinachosubiriwa.